Je, wajua kwa nini bushera huacha kuchacha kabla sukari haijaisha?

Mnywaji wa bushera, kile kinywaji cha mtama uliochachushwa cha Kabale au Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, huenda amewahi kulitambua jambo hili: kinywaji kimekuwa kikali hadi kinakereketa ulimi, na bado ndani yake pana utamu. Ikiwa bakteria wanaokichachusha huishi kwa sukari, nao wamo kwa mabilioni, ni kitu gani kinachowafanya waache kula ilhali chakula kingalimo chunguni? Jibu fupi ni kwamba wanazuiwa na kile walichokitengeneza wenyewe, yaani asidi ya laktiki, ambayo ndiyo iletayo ukali ule. Jibu refu lahitaji hesabu kidogo, na hesabu hiyo ndiyo hiyo hiyo wanayoitumia wahandisi wa viwanda vya asidi ya laktiki.

Tuanze na sukari yenyewe, maana mtama na wimbi vina wanga mwingi lakini sukari kidogo. Nafaka ikilowekwa na kuoteshwa hadi iwe kimea, chipukizi huzalisha vimeng'enya vya amilesi, na unga wa kimea unapotiwa katika uji uliopoa kiasi, vimeng'enya hivyo huukata wanga kuwa maltosi na glukosi. Ndiyo sababu uji uliokuwa mzito hulainika na kuwa mtamu hata kabla haujaanza kuchacha. Bakteria huja pamoja na kimea chenyewe. Bushera ya Uganda ilipochunguzwa katika maabara ilikutwa na aina nyingi, wakiwemo Lactobacillus plantarum, Lactobacillus delbrueckii na Lactobacillus brevis.

Asidi ya laktiki iligunduliwa na Carl Wilhelm Scheele katika maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na mwaka 1857 Louis Pasteur akaonyesha kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Kinachotendeka ndani yao kina uwiano wa kupendeza: molekyuli moja ya glukosi, yenye uzito wa 180, hugawanywa kuwa molekyuli mbili za asidi ya laktiki, kila moja ikiwa na uzito wa 90. Kwa hiyo gramu 180 za glukosi zaweza kutoa hadi gramu 180 za asidi. Bakteria hubakiwa na faida ndogo mno, yaani molekyuli mbili tu za ATP, ambayo ndiyo sarafu ya nishati katika chembe hai, ilhali kiumbe anayeiunguza glukosi hiyo kwa oksijeni hupata takriban 30. Mwenye faida ndogo hivyo hulazimika kuuza sana, na ndiyo maana asidi hurundikana upesi. (L. brevis ana njia yake: katika glukosi moja hutoa laktiki moja tu, pamoja na ethanoli na hewa ya kaboni dioksidi, ambayo huchangia povu.)

Sasa tufike kwenye kizuizi. Asidi ya laktiki huwa katika sura mbili majini: kamili, ikiwa na haidrojeni yake, au iliyoachana nayo. Sura ya pili ina chaji ya umeme, hivyo hupenya utando wa chembe kwa shida. Sura kamili hupenya kwa urahisi. Katika pH ya 3.86 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikipungua, uchachu umezidi) sura hizo mbili ni nusu kwa nusu. Katika pH ya 4.86 sura kamili ni kama asilimia 9 tu, na katika 5.86 ni takriban asilimia 1. Maana yake ni kwamba kadiri uji unavyozidi kuchacha, sumu huongezeka kwa njia mbili kwa pamoja, kwa kuwa asidi yenyewe inaongezeka na sehemu yake inayopenya inaongezeka pia. Ikishaingia ndani, ambako uchachu ni mdogo, huiachia haidrojeni yake, na bakteria hutumia ATP zake chache kuitoa nje, mithili ya mtu anayekumba maji katika mtumbwi uliotoboka. Hatimaye nishati yote huishia katika kukumba, na kukua kunakoma.

Je, mambo haya yaandikwe vipi kwa hesabu? Tunahitaji kufuatilia vitu vitatu kila saa, yaani wingi wa bakteria, sukari iliyobaki na asidi iliyokwisha kutengenezwa. Bakteria 1,000 katika mililita moja, wakiongezeka maradufu kila saa, hufika takriban bilioni moja baada ya saa 20, na kama hakuna breki hesabu itatoka nje ya chungu. Breki ya kwanza ilielezwa na Jacques Monod katika miaka ya 1940: kasi ya kukua hufuata wingi wa sukari, lakini ikishakuwa ya kutosha, kuongeza nyingine hakusaidii tena. Breki ya pili ni asidi. Njia rahisi ya kuiandika ni kuizidisha kasi hiyo kwa moja ukitoa P/Pm, ambapo P ni asidi iliyopo na Pm ni kiwango kinachosimamisha ukuaji kabisa. Tuseme, kwa mfano tu, Pm ni gramu 12 kwa lita: asidi ikifika gramu 6 kasi hubaki nusu, ikifika 9 hubaki robo, na ikifika 12 ni sufuri. Ikiwa uji ulianza na gramu 30 za sukari kwa lita, na kila gramu ya sukari hutoa gramu 0.9 za asidi, basi gramu 12 za asidi zimegharimu kama gramu 13 za sukari. Zaidi ya gramu 16 zimebaki, na hapo ndipo utamu ule unapotoka.

Lakini kukua kukikoma, je, asidi nayo hukoma papo hapo? Robert Luedeking na Edgar Piret walilijibu swali hili mwaka 1959 kwa kumchunguza L. delbrueckii, na kwa maoni yangu mlinganyo wao ndio mzuri kuliko yote katika fani hii, kwa sababu ni mfupi nao unasema kweli: kasi ya kutoa asidi ni jumla ya sehemu inayofuata ukuaji na sehemu inayofuata wingi wa bakteria waliopo, wakue wasikue. Sehemu ya pili ni asidi inayotoka bakteria wanapoila sukari ili tu wapate nishati ya kule kukumba maji. Kwa hiyo bushera huendelea kuwa kali kidogo kidogo hata baada ya bakteria kuacha kuongezeka.

Ushahidi kwamba tatizo ni asidi wala si sukari unaonekana viwandani, ambako juisi ya miwa, molasi au wanga wa mahindi hugeuzwa kuwa laktiki ya kutengenezea plastiki inayooza. Huko hutiwa chokaa ya kalsiamu kabonati ili pH ibaki karibu na 6, na bakteria wa jamii ile ile huweza kuimaliza sukari karibu yote, hata asidi ikazidi gramu 100 kwa lita.

Katika chungu cha Kabale hakuna anayetia chokaa, na sukari iliyobaki haikai bila mwenyewe. Hamira za porini, ambazo pia huja na kimea, huvumilia uchachu ule vizuri zaidi, nazo huila taratibu na kutoa ethanoli. Ndiyo maana bushera ya jana hupewa watoto, na ile iliyokaa siku kadhaa huwa pombe. Milinganyo mitatu ya hapo juu haiwezi kuliona jambo hilo hata kidogo, na anayetaka kulikadiria hana budi kuongeza wa nne, wa hamira, wenye Pm yake kubwa zaidi.