Kikoa: jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani?

Mfanyabiashara wa Mtwara au Lindi anayetaka kutengenezewa tovuti huanza na maswali mawili: itanigharimu kiasi gani, na itakuwa tayari lini. Yakishajibiwa, mazungumzo yanahamia kwenye rangi, picha na nembo. Suala la kikoa linabaki kwenye mstari mmoja wa profoma: "Kikoa na nafasi ya seva, mwaka 1." Mara nyingi ndio mstari wenye bei ndogo kuliko yote, kwa hiyo hakuna anayeuhoji. Mimi ningeanza na huo.

Kikoa, au domeini kama mafundi wengi wanavyoiita, ni lile jina linaloandikwa ili kufika kwenye tovuti: jinalako.co.tz, kwa mfano. Kompyuta zenyewe hazitafutani kwa majina. Kila seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ina anwani ya namba, na nani atakariri namba zote hizo? Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni DNS, mfumo unaopokea jina na kurudisha namba. Mteja akiandika jina lako kwenye simu, swali linapelekwa kwanza kwa seva zinazojua nani anatunza majina ya .tz, kisha kwa watunzaji hao wa .tz, kisha kwa seva za majina zilizotajwa wakati kikoa chako kinasajiliwa. Hizo za mwisho ndizo zinazojibu kwamba tovuti iko kwenye namba fulani. Kwa kawaida safari yote hiyo haifiki sekunde moja.

Kwa hiyo jina na tovuti ni vitu viwili. Kurasa, picha na maandishi vinakaa kwenye seva. Jina linakaa kwenye daftari la usajili, na kazi yake ni kuelekeza tu. Unaweza kuhamisha tovuti kutoka seva ya Dar es Salaam kwenda ya Ujerumani, ukabadilisha fundi, ukafumua kurasa zote na kuzijenga upya, na mteja asijue lolote maadamu jina ni lile lile. Lakini jina likitoka mikononi mwako, tovuti iwe nzuri vipi, wateja hawataiona tena. Baruapepe nazo zimo humo humo. Anwani ya mauzo@jinalako.co.tz inapita kwenye kikoa hicho, na anayekishika anaweza kuielekeza anakotaka. Maulizo ya bei, namba za simu na majina ya wateja vyote vitamfikia yeye, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, bado inakudai wewe mwenye biashara uzitunze taarifa hizo.

Watu husema "nimenunua kikoa", lakini kikoa hakiuzwi moja kwa moja. Unasajiliwa kuwa mwenye haki ya kulitumia jina kwa muda uliolipia, mwaka mmoja au zaidi, kisha unahuisha. Wanaohusika rasmi ni watatu. Wa kwanza ni sajili, yaani mtunza daftari. Kwa majina ya .tz sajili hiyo inajulikana kama tzNIC, na kwa .com ni kampuni ya Kimarekani ya Verisign. Wa pili ni msajili, kampuni iliyoruhusiwa kuandikisha majina na kupokea ada. Wa tatu ni msajiliwa, mwenye jina. Fundi wako wa tovuti hayumo katika hao watatu. Yeye ni mtu uliyemtuma. Akijiandika kama msajiliwa, daftari litamtambua yeye, hata kama kila shilingi imetoka mfukoni mwako.

Wakulima wa kusini wanalielewa hili bila kufundishwa. Mkulima wa Tandahimba akipeleka korosho kwenye AMCOS, chama chao cha ushirika, mzigo unakwenda kukaa kwenye ghala ambalo si lake, na utauzwa kwenye mnada ambao huenda hatahudhuria. Anachoshika mkononi ni stakabadhi yenye jina lake na kilo zake. Hakuna mkulima atakayekubali stakabadhi hiyo iandikwe jina la karani wa mizani, eti karani ni mtu mzuri na atamkumbuka wakati wa malipo.

Lakini kwenye tovuti tunakubali. Mama anayebangua na kufungasha korosho pale Mtwara mjini anamuuliza kijana aliyemtengenezea:

"Mwanangu, hicho kikoa umekiandikisha kwa jina la nani?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Kipo kwenye akaunti yangu, kila mwaka nitakuwa nakulipia mwenyewe."

Kijana hana nia mbaya, na ni vizuri kulisema hili kabla mafundi hawajanikasirikia. Wengi huweka vikoa vya wateja wao wote kwenye akaunti moja kwa sababu ni rahisi: ada zinalipwa pamoja, na hakuna kumfukuzia mteja ambaye hata baruapepe yake haikumbuki. Tatizo ni kwamba maisha ya fundi hayafanani na maisha ya biashara yako. Atapata ajira Dodoma na kuacha kazi za mtu mmoja mmoja. Ataibiwa simu. Mtagombana kuhusu salio la malipo. Atafariki, na ndugu zake hawatajua hata kwamba kulikuwa na kitu cha kurithi.

Sasa fikiria siku unayoihitaji tovuti kweli. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko wilayani Kilwa, kila mwenye nyumba ya wageni kuanzia Kilwa Masoko hadi Mikindani alikuwa na jambo la kuwaambia wageni wake. Aliyekuwa na funguo zake, yaani akaunti na neno la siri, aliweza kuandika tangazo asubuhi hiyo hiyo. Ambaye funguo ziko kwa fundi alianza kwanza kumtafuta fundi.

Kuna watakaosema wao hawahitaji kikoa, wana ukurasa wa Facebook na namba ya WhatsApp. Kwa biashara nyingi za mtaani nakubaliana nao, tovuti inaweza kusubiri. Hata hivyo tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea mtandaoni kwa karibu saa sita dunia nzima, na chanzo kilihusu jambo hili hili: kampuni ilifanya kosa la kiufundi kwenye mtandao wake, seva zake za majina zikaacha kupatikana, na facebook.com ikawa haina wa kuijibia. Mwenye kikoa chake na baruapepe yake siku hiyo aliendelea kupokea oda. Kwa hiyo hata kama tovuti ni ya mwakani, jina ningelisajili sasa na kulitumia kwa baruapepe, maana majina hutolewa kwa anayewahi.

Jina lenyewe lichaguliwe kwa sikio. Litamke kwenye simu kwa mtu ambaye hajawahi kuliona, umwombe aliandike. Akiuliza "kuna kistari?" au "ni namba au herufi?", tafuta jingine. Usijifunge kwenye bidhaa moja pia. Anayejiita korosho leo anaweza kuwa na ufuta mwakani. Na usidhani cheti cha jina la biashara kutoka BRELA kinakulindia kikoa. Hayo ni madaftari mawili tofauti, na jina linaweza kuwa wazi upande mmoja huku upande wa pili limeshachukuliwa. Angalia kote kuwili siku moja, kabla hujachapisha lebo.

Kuhusu mwisho wa jina, .co.tz ni ya biashara, .or.tz ya asasi zisizo za faida, .go.tz ya serikali, na hoteli zina .hotel.tz yao. Kama wateja wako wako ndani ya nchi, .co.tz inawaambia mara moja uko wapi. Anayeuza nje anaweza kuchukua na .com, akaielekeza kwenye tovuti ile ile.

Penye ajali nyingi zaidi ni kwenye kuisha muda. Kwa .com utaratibu ni huu: baada ya tarehe ya mwisho msajili anaweza kukuachia nafasi ya kuhuisha, isiyozidi siku 45. Kikifutwa, kinaingia siku 30 za ukombozi, ambapo bado unaweza kukirudisha kwa ada kubwa zaidi. Kisha zinafuata siku 5 ambazo hakuna anayeweza kukigusa, halafu kinafunguliwa kwa yeyote duniani. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia siku hiyo. Kwa .tz, mwambie msajili akupe kanuni zake kwa maandishi kabla hujalipa.

Tovuti nyingi hazizimwi na adui. Zinazimwa na ujumbe wa ukumbusho ulioenda kwa mtu asiyehusika. Ndiyo maana baruapepe iliyoandikwa kwenye usajili ni muhimu kama jina la msajiliwa. Iwe ya kwako, unayoifungua kila siku, na isiwe ya kikoa hicho hicho: kikoa kikizimika, ukumbusho wa kukulipisha nao hautakufikia. Namba ya simu vivyo hivyo. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuifunga na kuigawa kwa mtu mwingine, na namba za uthibitisho zikawa zinamfikia yeye. Jambo jingine dogo: tarehe ya kuhuisha huangukia siku uliyosajili. Ukisajili Novemba, minada ya korosho ikiwa imeshika kasi, kila mwaka ada itakukuta na hela mkononi. Ukisajili Machi, shauri yako. Au lipia miaka kadhaa kwa pamoja; .com inaruhusu hadi miaka 10.

Haya yote yaingizwe kwenye makubaliano kabla hujatoa malipo ya awali. Hakihitajiki Kiswahili cha mahakamani. Maneno haya yanatosha:

"Kikoa kitasajiliwa kwa jina la mteja, kwa baruapepe na namba ya simu ya mteja, kwenye akaunti ya mteja kwa msajili. Mtengenezaji atapewa ruhusa ya kiufundi pekee. Malipo ya mwisho yatafanyika baada ya mteja kuingia mwenyewe kwenye akaunti hiyo na kuona kikoa chake na tarehe ya kuisha muda."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Usiridhike na picha ya skrini iliyotumwa WhatsApp. Kaeni pamoja, ufungue akaunti kwa simu yako, uandike neno la siri jipya ambalo yeye halioni, uwashe na uthibitisho wa hatua mbili. Kutafuta jina lako kwenye huduma za umma za kuangalia usajili kunasaidia kidogo tu, kwa sababu siku hizi vikoa vingi vya .com vimefichwa taarifa za mwenyewe. Kuingia kwenye akaunti ndiko kunakothibitisha.

Mengine ya tovuti, kama seva, cheti cha usalama kinacholeta alama ya kufuli, na mpangilio wa kurasa, nayapita haraka kwa makusudi. Yakiharibika yanatengenezeka. Cheti unaweza hata kukipata bure kutoka Let's Encrypt. Omba tu nakala kamili ya mafaili ya tovuti siku ya makabidhiano, uihifadhi nje ya seva.

Na kama kikoa tayari kipo kwa fundi, kiombe sasa, mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Fungua akaunti yako kwa msajili yule yule anayemtumia. Wasajili wengi wanaweza kukihamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani kwa ndani. Ukitaka kwenda kwa msajili mwingine utahitaji msimbo wa uhamisho. Kwa .com, msajili anapaswa kuutoa ndani ya siku 5 tangu mwenye jina aombe, ila kikoa kilichosajiliwa chini ya siku 60 zilizopita kwa kawaida hakihamishiki. Siku ya kuhamisha usibadilishe seva za majina, ziache zilivyo, la sivyo tovuti na baruapepe vinaweza kuzimika pamoja.

Fundi akiwa hapatikani kabisa, mwandikie msajili ukiambatanisha risiti za malipo, cheti cha BRELA, TIN na mawasiliano yenu ya zamani. Anaweza kukataa, kwa kuwa daftari lake linamtambua aliyeandikwa. Basi barua hiyo itumwe wakati kikoa bado kina miezi kadhaa, ili ukikataliwa upate muda wa kusajili jina jingine, kuwahamisha wateja taratibu, na kuchapa lebo mpya kabla msimu haujafunguliwa.