Poti kuwa LISTEN hakumaanishi proksi inapokea

Wakuu, hii ya "nimecheki ss (amri ya Linux ya kuonyesha soketi), poti iko LISTEN, so proksi (programu inayopokea klayenti kwa niaba ya seva za nyuma) iko poa" imenichosha sasa. Kila watu wakilalamika kwamba huduma inazunguka tu haifunguki, lazima atokee mmoja alete hiyo skrinshoti, na baada ya hapo lawama zote zinahamia kwa watu wa databesi ambao hata hawahusiki. LISTEN inasemwa na kerneli, moyo wa Linux yenyewe, si proksi. Kerneli inakuambia ina soketi pale na hendisheki (salamu za kufungua koneksheni ya TCP) itaimaliza, basi. Proksi inawaza nini muda huo, kerneli haijui na haijali.

Proksi ina hali zake ndani. Ukifungua kodi ya HAProxy, moja ya proksi zinazotumika sana, utakuta kila lisena (sehemu inayosikiliza poti) ina hali yake, LI_NEW, LI_ASSIGNED na nyingine za wakati wa kuwaka ambazo zinapita fasta hazina maneno, halafu LI_READY ndio kazini, na kuna tatu zinazowachanganya watu: LI_FULL, LI_LIMITED na LI_PAUSED.

Tuanze na FULL maana ndio inayonipandisha presha. Lisena ikifikisha maxconn yake (kikomo cha koneksheni), HAProxy haifungi poti wala haimkatai mtu, inaacha tu kuita accept, ule mwito wa kuchukua koneksheni kutoka kwenye foleni ya kerneli. Kerneli yenyewe inaendelea na maisha, inamaliza hendisheki, inaweka koneksheni kwenye foleni, klayenti anaambiwa umeunganishwa, anatuma rikwesti yake na kerneli inamjibu ACK vizuri kabisa, kwa hiyo hata ukikamata pakiti utaapa kwamba mambo ni safi, kumbe hakuna prosesi yoyote iliyosoma hata baiti moja! Na ule ukaguzi wako unaofungua TCP halafu unafunga, huo utapita kijani mpaka foleni ijae.

Sasa ss hiyo hiyo uliyoileta ingekuonyesha, ungeisoma tu vizuri. Kwenye ss -ltn, mstari wa LISTEN, Recv-Q ni idadi ya koneksheni zinazosubiri accept na Send-Q ni ukubwa wa foleni. Recv-Q ikikaa juu haishuki, umepata jibu. Ukitaka zaidi piga ss -tnp, utaona koneksheni ziko ESTAB, zina data, ila upande wa prosesi patupu, hazina mwenyewe. Foleni ikijaa kabisa kerneli inaanza kudondosha, klayenti anarudia SYN (ombi la kuunganishwa) baada ya sekunde 1, halafu tena na tena, na hapo ndipo mtu anakuja kusema "netiweki iko slo leo".

LIMITED ni ndugu yake lakini si yeye, na hapa naomba mnisikilize. FULL ni kikomo cha lisena yenyewe. LIMITED ni kwamba lisena ina nafasi ila imezuiwa na kitu cha juu yake: maxconn ya frontendi (kundi zima la lisena), maxconn ya prosesi nzima, kikomo cha sesheni kwa sekunde, au faili deskripta zimeisha. Watu wanaongeza maxconn kwenye mstari wa bind, yaani ya lisena, wakati kilichojaa ni ile ya global, ya prosesi nzima, halafu wanashangaa hakuna kilichobadilika. Kwenye show stat, amri ya takwimu za HAProxy, FULL inatoka kama FULL na LIMITED inatoka kama WAITING, lakini mistari ya lisena haionekani mpaka uwashe option socket-stats, jambo ambalo hakuna anayelifanya mpaka yamkute.

PAUSED ni kinyume kabisa, huko poti haisikilizi kweli, klayenti anakataliwa, na waliokuwa kwenye foleni wanapigwa RST, yaani wanakatwa ghafla. Ndivyo amri ya disable frontend inavyofanya. shutdown frontend ni nyingine, hiyo hairudi, usijaribu saa za kazi. Zamani rilodi nayo ilipitia hapo: prosesi mpya ikishindwa kubind (kuishika poti) inaitumia ya zamani ishara ya SIGTTOU ipumzike, ikishindwa tena inaitumia SIGTTIN irudi kazini. SO_REUSEPORT, inayoruhusu soketi kadhaa kushika poti moja, ilikuja na Linux 3.9 mwaka 2013 watu wakashangilia, ila kila soketi ina foleni yake, ya zamani ikifungwa waliomo wanapotea nayo. HAProxy 1.8 ya 2017 ndio ikaleta prosesi ya zamani kuirithisha mpya soketi zenyewe.

Envoy, proksi nyingine, ina lugha yake: warming (inajiandaa), active (kazini), draining (inamalizia za zamani). Lisena mpya haiingii kazini mpaka ipate ruti na vyeti vyake, ya zamani inapewa muda wa kudreni, difolti sekunde 600, na koneksheni za TCP za kudumu zikifika hapo zinakatwa.

Foleni iwe ndefu kiasi gani? Hapa sina jibu la kujivunia. somaxconn, kikomo cha kerneli cha urefu wa foleni, difolti yake ilikuwa 128, Linux 5.4 ikaipandisha 4096, na wapo wanaosherehekea, ila mimi bado nasita, foleni ndefu inameza mafuriko mafupi vizuri lakini yakiwa marefu inakuwekea watu elfu nne wanaosubiri jibu ambalo wengi wameshalikatia tamaa, na proksi ikizinduka inaanza kuhudumia maiti. Na wale mnaoshauriana kuweka tcp_abort_on_overflow iwe 1 (foleni ikijaa kerneli imkate klayenti kwa RST badala ya kudondosha kimya) ili "ifeli haraka", nyaraka za kerneli zenyewe zinaonya inaweza kuwaumiza klayenti wako, someni kwanza.