Kikundi kidogo cha Kikristo: tunayodhani na ukweli wake

Ukiona kikundi kilianza na watu kumi na sasa wamebaki watatu, usiharakishe kusema wengine wamepoa kiroho. Mara nyingi wamechoshwa: mtu mmoja anaongea saa nzima, wengine wanaitikia "amina", kisha kila mtu anarudi kwake na mzigo uleule aliokuja nao. Nimekuwa mwanakikundi na nimekuwa kiongozi, na ninaamini sehemu kubwa ya uchovu huo inatokana na dhana tulizozipokea bila kuzihoji.

"Siwezi kuongoza, sijasomea Biblia"

Dhana hii imewafungia nje watu ambao Mungu amewapa kile hasa kikundi kinachohitaji. Kiongozi wa kikundi si mchungaji mdogo. Anatakiwa awe na imani iliyo hai, maisha yasiyopingana na maneno yake, na awe mtu anayewakumbuka wenzake katikati ya wiki. Akiulizwa asilolijua, "sijui, nitamuuliza mchungaji" ni jibu la heshima, mradi wiki inayofuata alirudie kweli.

Wamethodisti wa mwanzo walilijua hili. Mwaka 1742 jamii yao ya Bristol, Uingereza, ilikuwa na deni la jengo. Wakakubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, watu wakagawanywa makundi ya kama 12, na kila kundi likapewa mtu wa kupita akikusanya. Waliopita nyumba kwa nyumba wakakuta mengi kuliko peni: huyu amelewa, yule anagombana na mkewe. John Wesley, kiongozi wao, akaona amepata alichokuwa anakitafuta muda mrefu. Wakusanyaji wale, ambao hawakuwa makasisi, wakawa viongozi, na kazi yao ikawa kumwona kila mtu wao walau mara moja kwa wiki na kumuuliza roho yake inaendeleaje. Utaratibu ulioanza kwa ajili ya deni ukawa uti wa mgongo wa harakati nzima.

"Kuongoza ni kufundisha"

Mafundisho yana mahali pake. Lakini kikundi hukua pale watu wanapolishika Neno wenyewe, na hilo huanzia kwenye swali. Chukua Luka 15. Ukiuliza, "Je, baba alimpenda mwana mpotevu?" utajibiwa "ndiyo" na mazungumzo yamekwisha. Uliza hivi: "Kaka mkubwa aligoma kuingia ndani. Ni nini hasa kilichomuuma?" Sasa watu watarudi kwenye mistari. Mmoja ataona kwamba habari ya sherehe aliipata kwa mtumishi. Mwingine ataona yule mwana-mbuzi ambaye hakuwahi kupewa afurahi na rafiki zake. Kisha mtu ambaye hajasema neno tangu mwezi uliopita atasema taratibu kwamba yeye ndiye aliyebaki kuwatunza wazazi, na hakuna aliyemshukuru. Hapo kikundi kimeanza. Mkifika mahali ambapo baba anatoka nje kumsihi na huyu pia, mtu huyo atausikia mstari huo kama hajawahi kuusikia.

Ukishauliza, nyamaza. Sekunde kumi za ukimya humtisha kiongozi, lakini wenzake wanazitumia kufikiri, kwa hiyo usilijibu swali lako mwenyewe. Na yule anayeongea bila kituo usimwaibishe mbele za watu. Mfuate baada ya kikao, mwombe akusaidie kuwavuta walio kimya. Wengi hukubali kwa furaha, maana hawakujua.

"Nilimwambia ili naye amwombee"

Naomba nikae hapa, kwa sababu hapa ndipo vikundi vingi vimefia. Mtu anafungua moyo kuhusu ndoa yake. Kabla ya Jumapili, watu watatu ambao hawakuwepo wanamuuliza anaendeleaje. Aliyeitoa habari hakudhani anasengenya. Alijiona anaongeza waombaji. Yakobo 5:16 inatuagiza kuungama dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuipeleka mbele habari ya mwenzake. Ombi ni la aliyelitoa. Ukitaka wengine waombe, mwombe ruhusa mwenyewe. Akikataa, liishie hapo, hata kwa mwenzi wako asiye mwanakikundi.

Wapo pia wanaodhani siri ya kikundi haina mpaka. Mpaka upo. Mtoto anapodhulumiwa, mtu anapopigwa nyumbani kwake, au mtu anaposema anataka kujiua, kiongozi asilibebe jambo hilo peke yake kwa jina la uaminifu. Atafute msaada wa mchungaji, wa wataalamu na wa mamlaka zinazohusika, siku hiyohiyo. Ni vizuri lisemwe tangu kikao cha kwanza: tutakayosikia hapa yatabaki hapa, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtu ukiwa hatarini.

"Walipo wawili watatu panatosha, kanisa la nini?"

Mathayo 18:20 hutumiwa sana hivyo. Anza kusoma mstari wa 15: Yesu anamzungumzia ndugu aliyekosa, mashahidi wawili au watatu, kisha kanisa. Hakuna kujitenga mle. Philipp Jakob Spener, mchungaji wa Ujerumani, alipoanzisha mikutano ya nyumbani huko Frankfurt mwaka 1670, alitaka kulihuisha kanisa lake la Kilutheri, na baadhi ya wenzake walipojitenga, yeye alipinga.

Na anayesema vikundi vya majumbani ni mtindo mpya asome Warumi 16:5, Paulo anapolisalimu kanisa lililokuwa nyumbani kwa Priska na Akila.

"Mimi ni mwanakikundi tu"

Hakuna "tu" hapo. Kufika kwa wakati, kusoma kifungu mapema, kumpigia simu aliyekosekana, kukaa karibu na mgeni: haya hayahitaji cheo. Kumuuliza mtu, "Lile jambo la wiki iliyopita limefikia wapi?" humjenga kuliko sala ndefu iliyosahaulika. Nawasihi hasa wale ambao kila wiki husema "mimi niko salama, tuombee wengine." Anayetoa bila kupokea bado amesimama mlangoni.

"Kikundi kikifungwa tumeshindwa"

Vikundi vina umri wake. Vingine huzidi watu, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo walio kimya wanavyozidi kunyamaza. Hivyo vigawanywe, kiongozi mpya akiwa ameshaongoza mara kadhaa mwenzake akiwa pembeni. Vingine hufika mwisho kwa sababu watu wamehama au msimu umepita. Tarehe itajwe mapema badala ya kuacha mahudhurio yafe yenyewe. Kikao cha mwisho kiwe cha shukrani, kila mmoja akitaja alichopokea na aliyempa, na kiongozi ahakikishe kila mtu ana pa kwenda wiki inayofuata, kuanzia na yule ambaye bado yuko katikati ya matibabu au msiba.