Kane Hajawahi Kuwa Kinara wa Mabao ya Ligi Tottenham

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya Harry Kane yenye maandishi kwamba hakuna aliyewahi kuifungia Tottenham mabao mengi ya ligi kuliko yeye. Si kweli, na lawama siwapi mashabiki. Sisi tunaoshughulika na takwimu za soka ndio tunaolisambaza kosa hili, kwa kutaja rekodi ya klabu na rekodi ya ligi kana kwamba ni kitu kimoja.

Kane alihamia Bayern Munich mwaka 2023 akiwa na mabao 280 katika mashindano yote, na hiyo ni rekodi ya klabu isiyo na ubishi. Ya ligi yalikuwa 213, katika mechi 317. Jimmy Greaves, aliyeichezea Tottenham kuanzia 1961 hadi 1970, alifunga 220 ya ligi katika mechi 321. Kilichompandisha Kane ni mabao 67 ya nje ya ligi, mengi yakiwa ya Ulaya, ilhali Greaves alikuwa na 46 tu: 32 ya Kombe la FA, 9 ya Ulaya na 5 ya Kombe la Ligi. Hata yale mawili aliyoifunga Atlético Madrid mjini Rotterdam, katika fainali ya 1963 ya Kombe la Washindi la Ulaya, hayamo kwenye hesabu ya ligi, pamoja na uzito wake wote.

Hali ni hiyo hiyo Manchester United, ambako Wayne Rooney ana 253 kwa jumla dhidi ya 249 ya Bobby Charlton, lakini katika ligi Charlton anaongoza kwa 199 dhidi ya 183. Chelsea, Frank Lampard ana 211 kwa jumla, ila ligi ni ya Bobby Tambling, 164 kwa 147. Liverpool, Ian Rush ana 346, na katika ligi Roger Hunt amemzidi, 244 kwa 229.

Linaloniudhi zaidi ni kuifanya ligi ya Uingereza ianze mwaka 1992, daraja la juu lilipoanza kuitwa Premier League. Tangu mwaka huo, ni kweli, hakuna aliyefunga mengi kuliko Kane kwa klabu moja. Lakini Dixie Dean aliifungia Everton 349 ya ligi, 60 kati ya hayo katika msimu mmoja wa 1927–28, na kumweka kando kwa sababu tu mashindano yamebadilishwa jina ni kumdhulumu.

Hata hivyo, haki ya Dean inahitaji uangalifu. Sheria ya kuotea ilikuwa imelegezwa mwaka 1925, kufunga kukawa rahisi zaidi, tena mabao yake 39 aliyafunga msimu wa 1930–31, Everton ikiwa daraja la pili. Je, nayo yahesabiwe? Mimi huyahesabu, kwa kuwa klabu ilikuwa ndani ya ligi, ila sina utulivu kamili na uamuzi huo. Tukiyaondoa ya daraja la pili kwa wote, Hunt, aliyefunga 41 huko msimu wa 1961–62, anashuka chini ya Rush, na Tambling anashuka chini ya Lampard. Charlton na Greaves wanabaki pale pale, maana mabao yao yote ya ligi kwa klabu hizo ni ya daraja la juu.