Je, wajua fyuzi ya gari huungua ili kulinda nini?

Waipa zimegoma katikati ya mvua, au honi imenyamaza ghafla, au tundu la kiberiti halichaji tena simu. Dereva mzoefu huwaza fyuzi mara moja, na mara nyingi hakosei. Lakini ukimuuliza ile fyuzi ilikuwa ikilinda nini, atakuambia redio, taa au honi. Kumbe kazi yake ya kwanza ni kulinda waya.

Waya wowote ukipitisha umeme hupata joto, na joto hilo hupanda kwa kasi ya kutisha. Ampea zikiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Zikiongezeka mara 3, joto ni mara 9. Sasa fikiria betri ya volti 12 inayozungusha stata: inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mpigo mmoja. Bodi ya gari nayo imeunganishwa na upande wa hasi, kwa hiyo waya wa chanya uliochubuka ukigusa bodi popote pale, shoti imekamilika. Waya uliokusudiwa kubeba ampea 10 unajikuta umebeba mamia. Ganda lake la plastiki huyeyuka, waya wa jirani huungua pia, na moto huanzia nyuma ya dashibodi, mahali usipoweza kufika kwa mkono wala kwa maji.

Ndiyo maana watengenezaji huweka sehemu dhaifu kwa makusudi. Ndani ya ile fyuzi ya plastiki yenye miguu miwili bapa mna kipande chembamba cha zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 za Selsiasi, ilhali shaba ya waya husubiri hadi 1,085. Lakini fyuzi haina papara. Ya ampea 10 haikatiki umeme ukifika 11. Viwango vya kimataifa vinaitaka ivumilie hali hiyo kwa saa 100. Umeme ukifika mara 2 ya kiwango chake, lazima ikatike ndani ya sekunde 5. Shoti kamili huimaliza kabla hujapepesa jicho.

Kabla ya kuikagua, zima gari na utoe ufunguo. Magari mengi yana masanduku mawili ya fyuzi: moja chini ya dashibodi, jingine chini ya boneti karibu na betri. Ramani huwa nyuma ya mfuniko. Katika magari yaliyotumika Japani, yale yaliyojaa barabara zetu, maandishi huwa ya Kijapani. Yapige picha kwa programu ya kutafsiri ya simu. Chomoa fyuzi kwa kibano cha plastiki ambacho mara nyingi hukaa humo humo sandukuni, usitumie bisibisi.

Itazame kwenye mwanga. Kipande cha ndani kikiwa kimekatika au plastiki imeingia weusi, umeipata. Lakini macho hudanganyika, kwa kuwa ufa mwingine ni mwembamba mno. Taa ya kupimia haidanganyiki. Rudisha fyuzi mahali pake, washa swichi na kifaa chenyewe, bana klipu ya taa kwenye bodi, kisha kwa ncha ya taa hiyo gusa kimoja kimoja vile vitundu viwili vya chuma vilivyo juu ya fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka kabisa, umeme haufiki hapo, tafuta tatizo kwingine.

Fyuzi mpya iwe ya ampea zile zile. Namba imeandikwa juu, na rangi husaidia: 10 ni nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 30 kijani. Ukikwama njiani, azima ya namba hiyo hiyo kutoka kwenye redio. Hata ndogo zaidi ni salama, kwani ubaya wake ni kukatika mapema tu.

Kubwa zaidi ndiyo hatari, na hapa nawasihi madereva wasikubali maneno ya “weka hii ya 30, haitakusumbua tena.” Sehemu dhaifu haijaondoka, imehama tu: sasa ni waya wenyewe. Kuzungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya wa shaba ni kosa lile lile, tena baya zaidi.

Fyuzi mpya ikikatika tena, angalia wakati inapokatika. Ikikatika papo hapo unapoichomeka, kuna shoti. Ikikatika unapowasha waipa, huenda mota yake imekwama. Ya kiberiti mara nyingi huuawa na sarafu iliyotumbukia ndani ya tundu, au pampu ya kujazia upepo matairi inayovuta umeme kupita kiasi. Na ikikatika gari linaporuka tuta, kuna waya unaosuguana na bodi. Hapo mwambie fundi umeme aanze kukagua kwenye bawaba za milango na za mfuniko wa buti, kwa sababu huko nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa.