Fidla Iliyozurura Chumbani: Dhana Potofu kuhusu Kampuni za Spika na Wahakiki

Dhana: Bose ilishindwa kortini kwa sababu jarida lilikuwa limesema kweli

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi kila kampuni ya vifaa vya muziki inapomtishia mhakiki, na ndiyo yenye mambo mengi. Nianze nayo.

Spika za Bose 901, za kampuni ya Marekani ya Bose, ziliingia sokoni mwaka 1968. Kila kasha lilikuwa na spika ndogo tisa: moja imemtazama msikilizaji, nane ziko nyuma zimeutazama ukuta. Amar Bose, aliyekuwa akifundisha chuo cha MIT, alishikilia kwamba katika ukumbi wa muziki sauti nyingi humfikia mtu baada ya kugonga kuta, basi na nyumbani iwe hivyo hivyo. Mei 1970 jarida la kupima bidhaa la Consumer Reports, la shirika la Consumers Union, likatoa tathmini ya spika za bei ya kati, na 901 ikatengewa maelezo yake. Jarida likasema kwamba vyombo vya muziki vilisikika kama vimevimba vikawa majitu, na vikielekea kuzurura chumbani. Fidla moja ilionekana kuwa na upana wa futi 10. Piano ikatanda ukuta hadi ukuta. Likaongeza kwa haki kabisa kwamba kwenye muziki wa okestra jambo hilo halisumbui, na kwamba mnunuzi akaisikilize mwenyewe kabla ya kutoa pesa zote hizo.

Kampuni ikataka kauli hizo zisahihishwe. Jarida likagoma. Mwaka 1971 kesi ikafunguliwa katika jimbo la Massachusetts.

Ili uuelewe ugomvi wenyewe, weka spika mbili sebuleni, kaa katikati, piga wimbo wa mtu anayeimba peke yake. Mwimbaji utamsikia katikati, mahali pasipo na kitu. Sasa sogea kushoto kidogo, naye atakufuata kushoto. Stereo yoyote ina kiini macho hicho. Mhandisi wa jarida alipoulizwa kizimbani ile sauti ilizurura wapi hasa, alieleza kwamba ilikuwa ikienda na kurudi ukutani, baina ya spika mbili. Hapo ndipo jaji alipomshika: ukutani si chumbani. Mtu msomi, mwenye Kiingereza chake safi, hawezi kudai kwamba alipoandika moja alimaanisha jingine. Jaji akahukumu kwamba kauli ilikuwa ya uongo, na kwamba mhandisi alijua ni ya uongo. Bose wakapewa fidia iliyozidi kidogo dola 115,000.

Kwa hiyo, ukisikia mtu anasema Consumer Reports ilisafishwa kwa sababu fidla ilizurura kweli, mwambie hapana. Mahakama ya rufani iliitengua hukumu ile mwaka 1982, na tarehe 30 Aprili 1984 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, sita dhidi ya watatu, wakakubaliana na utenguzi huo. Lakini hakuna aliyesema kwamba neno lilikuwa sahihi. Walichosema ni kwamba mtu anayejaribu kuweka kwenye maneno kile alichokisikia kwa masikio anaweza kuchagua neno baya bila kuwa mwongo, na kwamba majaji wa rufani katika kesi za namna hii hawaruhusiwi kumeza tu alichoona jaji wa kwanza. Lazima waupime ushahidi wa nia ovu wao wenyewe.

Miaka 14 tangu makala itoke. Kwa neno moja.

Dhana: "Nia ovu" maana yake mhakiki anaichukia kampuni

Maneno haya yamewapoteza wengi, na kosa ni la wanasheria waliochagua msamiati. Tangu kesi ya New York Times dhidi ya Sullivan, mwaka 1964, nia ovu katika sheria ya Marekani ya kashfa haihusiani na chuki. Maana yake ni kwamba ulijua unachosema si kweli, au ulikuwa na mashaka makubwa ukasema hivyo hivyo bila kujali. Unaweza kuidharau kampuni kuanzia nembo hadi waya wa umeme na usiwe na nia ovu. Unaweza pia kuipenda ukawa nayo.

Kipimo hicho kilitumika kwa Bose kwa kuwa mahakama iliihesabu kuwa inajulikana hadharani. Fundi mdogo anayetengeneza spika kumi kwa mwezi kwenye gereji yake huenda asihesabiwe hivyo, na mhakiki wake akakosa kinga hiyo pana. Watu husahau hili. Wanadhani anayetisha zaidi ni yule mkubwa.

Dhana: Ukitanguliza "kwa maoni yangu", hakuna wa kukugusa

Ingekuwa rahisi hivyo, kila mwizi angetembea na maneno hayo mfukoni. Mwaka 1990, katika kesi ya Milkovich dhidi ya Lorain Journal, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa wazo kwamba kuiita kauli "maoni" kunaikinga yenyewe tu. Ukisema "kwa maoni yangu fulani ni mwongo", ndani yake umebeba madai ya jambo linaloweza kuchunguzwa, na utadaiwa hilo.

Chukua spika moja ya kawaida. "Besi yake imelegea, inanichosha" ni ladha yako, na hakuna jaji atakayeipima kwa rula. "Ndani wameweka spika ya bei rahisi kuliko ile waliyoitangaza" ni jambo la kufungua kwa bisibisi na kuangalia. "Wanajua inaungua na wananyamaza" ni tuhuma nzito, hata ukianza na "nadhani" mara tatu. Kinacholeta kesi mara nyingi ni sentensi ya aina ya pili au ya tatu iliyojificha katikati ya hakiki iliyojaa aina ya kwanza.

Dhana: Vipimo havibishiwi

Siku hizi wahakiki wengi hawategemei masikio peke yake. Wana maikrofoni, wana mashine inayoizunguka spika na kuchora mistari. Wafuasi wao huamini kwamba grafu haiwezi kushtakiwa.

Grafu yenyewe haina shida. Shida ni kwamba spika yenye tweta (kipande cha sauti nyembamba) juu na wufa (kipande cha besi) chini hutoa mstari tofauti kulingana na mahali ulipoelekeza maikrofoni. Ukipanda juu au kushuka kidogo, sauti za vipande viwili zinafika kwa nyakati zisizolingana na kufutana pale zinapokabidhiana kazi, na kwenye mchoro linatokea shimo. Mtengenezaji atasema umepima kwenye kimo kisicho sahihi. Mhakiki atasema mbona mwongozo wako haukutaja kimo. Mwaka 2024 kampuni ndogo ya spika ya jimbo la Utah iliwatishia kisheria wahakiki wawili waliokuwa wamechapisha vipimo vya spika zake, na mjadala uliofuata ukamgeukia mtengenezaji mwenyewe kuliko spika. Kwa maoni yangu (naam, nimeyatumia), mhakiki anayeandika alipima wapi, kwa umbali gani na kwa kimo gani amejikinga kuliko anayebandika mchoro tu.

Dhana: Barua ya wakili ni kesi

Barua ni barua. Kwa kawaida inasema futa, omba radhi, lipa, na una siku kadhaa. Nikiipata mimi, kwanza natafuta kitu kimoja: ni sentensi ipi wanayosema si kweli? Kama imetajwa, neno kwa neno, hapo kuna la kujibu, na huenda kuna la kusahihisha, maana hata mhakiki mzuri hukosea namba. Kama barua nzima inazungumzia "madhara kwa biashara yetu" bila kunukuu chochote, inazungumza na woga wako. Hata hivyo usiitupe. Mpelekee wakili wako, na usifute video wala data ya vipimo kwa hasira, kwa sababu hizo ndizo zitakazokutetea.

Na woga huo una sababu. Anayetishwa mara nyingi ni mtu mmoja na kamera yake, na gharama za wakili wa Marekani zinaweza kummaliza hata akiwa na haki. Ndiyo maana majimbo zaidi ya 30 yana sheria zinazomruhusu mdaiwa kuomba kesi ya kumnyamazisha itupwe mapema. Kampuni ya Sharper Image iliijua sheria ya California ya namna hiyo kwa gharama kubwa: iliishtaki Consumers Union mwaka 2003 kwa kuiponda mashine yake ya kusafisha hewa, kesi ikatupwa mwaka 2004, na kampuni ikaishia kulipia mawakili wa upande wa pili zaidi ya dola nusu milioni. Lakini katika ngazi ya taifa zima Marekani haina sheria kama hiyo, na wakili mjanja huchagua jimbo la kufungulia.

Dhana: Masharti ya duka yanaweza kukuzuia kusema vibaya

Marekani hapana, tangu sheria ya mwaka 2016 ilipobatilisha vifungu hivyo katika mikataba iliyoandikwa tayari ambayo mteja hawezi kuijadili. Mkataba mliokaa mkaujadili, wa kuazimwa kifaa kwa mfano, ni habari nyingine.

Dhana: Hayo yote yananilinda hata nikirekodi Nairobi

Hapana, na hili nalisema kwa wanaohakiki simu na spika kwa Kiswahili. Marekani mlalamikaji ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba hakiki ya jambo la umma ni ya uongo. Sheria ya kashfa ya Kenya imetokana na ile ya Kiingereza, na huko anayeandika ndiye anayetakiwa kuthibitisha ukweli wa alichosema. Uingereza yenyewe tangu 2014 inaitaka kampuni ionyeshe hasara kubwa ya fedha kabla ya kusikilizwa. Usidhani kila nchi iliyorithi sheria yake imerithi na marekebisho hayo.

Dhana: Hakiki mbaya huua bidhaa

Bose 901 iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 40 tangu kuzinduliwa, katika matoleo kadhaa, spika nane zikiwa bado zimeutazama ukuta. Wako wanaozitunza hadi leo na hawazibadilishi kwa chochote. Piga fidla humo, uketi mbele yake. Inasikika pana.