Afya ya Tovuti: Maswali na Majibu Kuhusu Kuhuisha Hifadhidata Baada ya Kupandisha Toleo la Elementor

Ninahudumia tovuti za shule, maduka na nyumba za wageni hapa Tanga na kule Bagamoyo. Nyingi hunifikia zikiwa na hali mbaya, na chanzo ni kilekile: mwenye tovuti amebofya kitufe cha kuhuisha hifadhidata bila kuwa na nakala ya akiba ya tovuti yake, kisha akakaa kimya siku nyingi akitumaini kwamba mambo yatakaa sawa yenyewe. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Hifadhidata ni nini, na kwa nini Elementor inataka ihuishwe?

Tovuti ya WordPress, yaani iliyojengwa kwa programu ya kuundia na kuendeshea tovuti yenye jina hilo, ina mafaili na ina hifadhidata, yaani ghala la taarifa zilizopangwa katika majedwali, ambalo kwa kawaida huendeshwa na programu ya MySQL au MariaDB. Elementor ni plagini, yaani programu ya nyongeza ndani ya WordPress, ya kujengea kurasa, na mpangilio wa kila ukurasa ulioujenga hautunzwi katika faili bali katika hifadhidata, ndani ya jedwali ambalo kwa kawaida huitwa wp_postmeta. Toleo jipya linapobadili namna ya kuandika mpangilio huo, kurasa za zamani nazo hazina budi kuandikwa upya. Ndiyo maana baada ya kupandisha toleo unaweza kuona tangazo kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa kusimamia tovuti, likikuomba uhuishe hifadhidata.

Tangazo limetokea. Je, nibofye sasa hivi?

Hapana. Chukua nakala kwanza, na kwa hakika ilipaswa kuchukuliwa kabla hata ya kupandisha toleo la plagini. Nakala iliyo kamili ina mafaili yote pamoja na hifadhidata yote. Unaweza kuichukua kwa plagini kama UpdraftPlus, au ukaitoa hifadhidata kwa phpMyAdmin, zana ya kusimamia hifadhidata kupitia kivinjari, na kuyapakua mafaili kando. Ihifadhi nje ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, kwa sababu nakala iliyolala ndani ya seva ileile hupotea pamoja na tovuti. Kisha hakikisha kwamba inarejesheka kwa kuijaribu kwenye tovuti ya majaribio.

Kampuni inayonipangishia seva huchukua nakala kila siku. Haitoshi?

Haitoshi. Kampuni nyingi hutunza nakala kwa siku chache tu, kisha mpya hufuta za zamani, na hapo ndipo kuchelewa kunapoua. Nyumba moja ya wageni Bagamoyo iliniita wiki tatu baada ya kurasa zake za vyumba kuwa tupu. Nilipozitazama nakala za seva, zote zilikuwa zimechukuliwa baada ya uharibifu, kwa hiyo tulikuwa na nakala nyingi za tovuti iliyokwisha kuharibika na hatukuwa na hata moja ya tovuti ikiwa bado salama. Wangeniita siku ileile, kazi ingekuwa ndogo. Narudia kwa heshima, lakini narudia: nakala yako mwenyewe, iliyochukuliwa kabla ya kubofya, ndiyo ya kutegemea.

Mambo yakiharibika si nitarudisha tu toleo la zamani la Elementor?

Hapana, na dhana hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Sehemu ya kurudisha toleo iliyomo ndani ya Elementor hurudisha mafaili ya plagini peke yake, haigusi hifadhidata. Ukiitumia baada ya kuhuisha, plagini ya zamani italazimika kusoma data iliyokwisha kuandikwa kwa mtindo mpya, na ukurasa uliokuwa umepinda kidogo unaweza kuvurugika kabisa. Kinachorudisha hifadhidata ni nakala ya hifadhidata. Hakuna njia ya mkato.

Umeme umekatika katikati ya zoezi, au bando limeisha. Nibofye tena?

Usibofye tena. Kazi hiyo hufanyika kwenye seva, kwa mafungu, wala haitegemei kompyuta yako iliyozimika pale Ngamiani. Ikisimama njiani, WP-Cron, kipanga-kazi cha WordPress, ndiyo huiamsha, nayo kwa kawaida hufanya kazi pale mtu anapotembelea tovuti. Kwa hiyo tovuti yenye wageni wachache huweza kukawia. Fungua dashibodi baada ya muda, utazame kama tangazo limeondoka. Likiendelea kung'ang'ania, fundi anaweza kulimaliza zoezi kwa WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa kuandika amri, kwa amri ya wp elementor update db.

Nimemaliza, lakini kurasa zimepoteza rangi na mpangilio. Data imepotea?

Mara nyingi haijapotea; kinachoonekana ni mafaili ya zamani ya CSS, yaani yale yanayobeba rangi na mpangilio wa kurasa. Ingia kwenye zana za Elementor, uyatengeneze upya mafaili hayo, kisha ufute kashe, yaani nakala za muda za kurasa, ya tovuti, ya seva na ya kivinjari. Ikiwa umenunua Elementor Pro, ile plagini ya kulipia, hakikisha nayo imepandishwa, kwani matoleo yasiyolingana huleta dalili kama hizi.

Ukurasa ukibaki mtupu baada ya hayo, tafadhali sana, usiufungue kwenye kihariri na kuuhifadhi. Ukihifadhi, utupu huo huandikwa juu ya data ambayo pengine ilikuwa bado ipo. Nimeona watu wakifanya hivyo ukurasa baada ya ukurasa, kwa nia njema kabisa, na kila ukurasa walioufungua ulizidi kuwa mgumu kuokolewa.

Ni saa ngapi nzuri ya kufanya kazi hii?

Saa ambayo wateja ni wachache na fundi wako anapatikana. Kumbuka kwamba oda na nafasi za vyumba zilizohifadhiwa katika hifadhidata hiyohiyo hupotea ukirejesha nakala iliyochukuliwa kabla yake, kwa hiyo usiache muda mrefu kati ya nakala na kitufe.

Nimwite fundi lini?

Siku hiyohiyo uliyoona dalili, si baada ya sikukuu wala baada ya kumjaribisha kijana wa jirani. Mweleze ulibofya saa ngapi, ulitoka toleo gani kwenda toleo gani, na nakala yako iko wapi. Mpelekee pia picha ya ujumbe wa kosa kama ulivyoonekana kwenye skrini, na usiguse kitu kingine mpaka afike.